Sahani ya Nane

Vijana wangu wa jikoni,

Siku niliyokabidhi ufunguo wa stoo mlinipikia pilau, mkanipa shati, na mmoja wenu akasimama akasema Mzee Hamisi aandike aliyoyaona kazini kabla hajayasahau. Niliitikia kwa adabu huku moyoni nikijua sitaandika. Kupanda cheo kwangu kulikuwa kutoka msaidizi wa mpishi hadi mpishi, na mshahara wangu mnaujua kwa sababu ndio huo huo mnaoulalamikia. Hayo nayaruka.

Lakini mlikuwa mkiniuliza jambo jingine, tena zaidi ya mara moja, nami nikawa nawakwepa. Kwa nini kila nikipika karai moja, yaani soseji, makaroni na mboga ndani ya chombo kimoja, sahani ya kwanza naitoa nje, naiweka juu ya yale mawe matatu meusi nyuma ya jiko la nyumba ya wageni, na simruhusu mtu aiguse. Wengine mlidhani ni ya paka. Mmoja alidhani nina mke wa siri anayeipitia uani. Tangu juzi asubuhi nimeona niwajibu, na niwajibu haraka.

Nilianza kazi na kikosi cha upimaji, miaka ile ya watu kuhamia vijijini. Nilikuwa mtoto wa mjini, wa Kanyenye, baba yangu fundi bati, na sikuwahi kulala porini hata siku moja. Kikosi kilikuwa cha watu saba. Tulifuata njia ya zamani ya misafara kutoka Kwihara kwenda magharibi, tukipanda vigingi mahali ambapo vijiji vipya vingejengwa. Mkubwa wetu alikuwa mpima mwenye miwani, mtu wa vitabu. Kwenye mikutano tulimwita Ndugu Mpima, na tukitaka ruhusa tulimwita Bwana Mpima.

Mpishi alikuwa Mzee Mihambo, Mnyamwezi mfupi, mkali, jicho moja jekundu kwa moshi. Babu yake alikuwa mpagazi, aliyebeba mizigo kichwani kwenda pwani na kurudi. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba bila kugeuka, kisha akaniuliza, "Unajua kuosha vyombo?" Nikamwambia najua kupika pia. Akasema, "Hilo sijakuuliza." Basi nikaosha vyombo wiki mbili.

Vyombo vyenyewe havikuwa vingi. Lori lilibeba mahema, vigingi, mnyororo wa kupimia na pipa la maji, jiko likaachiwa kona moja nyuma. Tulikuwa na karai moja la chuma zito, mfuniko uliokatwa kwenye pipa la mafuta ya taa, upawa, na sahani nane za bati. Saba zilikuwa nyeupe. Ya nane ilikuwa na ukingo wa buluu, na ukingo huo ulikuwa umebanduka mahali pamoja kiasi cha punje ya haragwe. Ikumbukeni hiyo punje.

Makaroni yalikuja kwa maboksi kutoka ghala la mkoa, miezi ile unga ulipoadimika. Wanavijiji walitutazama tukiyala wakasema kikosi cha serikali kinakula filimbi. Soseji Mzee Mihambo alizitengeneza mwenyewe, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa Waislamu na zile za kopo hatukuziamini. Nyama ya ng'ombe aliikatakata kwa kisu mpaka ikalainika, akatia mafuta kidogo, chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu, na asipokiona kitunguu saumu alikuwa hapiki, anakasirika tu. Akajaza kwenye utumbo wa mbuzi uliooshwa kwa ndimu, akafunga uzi kila baada ya vidole vinne, akazitundika juu ya moshi siku mbili.

Upishi wake ndio huo niliowafundisha. Soseji zinatangulia, moto wa wastani, na usizitoboe. Ukizitoboa utamu wote unaishia kwenye makaa. Zikishabadilika rangi zisogeze pembeni ya karai, kaanga vitunguu kwenye mafuta yale yale, weka nyanya na karoti, nyanya chungu kama zipo. Kisha makaroni makavu, na maji yayazidi kwa unene wa kidole, si zaidi. Funika. Usikoroge kila saa kama mtu anayetafuta pete. Maji yakikaribia kukauka tandaza mchicha au matembele juu, funika tena, ondoa makaa, hesabu mpaka mia. Watu saba wanashiba kwa moto mmoja na chombo kimoja cha kuosha.

Sasa nije kwenye mawe. Kambi yetu kubwa ilikuwa siku mbili za lori kutoka mjini, mahali ambapo misafara ya zamani ilikuwa ikitua. Bado palikuwa na mafiga yao, mawe matatu meusi yaliyozama nusu ardhini, na miti ilikuwa imeota kuyazunguka bila hata mmoja kuota katikati. Mzee Mihambo akatua karai juu yake, akapika, na kabla ya kumpakulia hata Bwana Mpima akachukua sahani ya ukingo wa buluu, akaweka upawa mmoja wa makaroni na soseji mbili, akaiacha juu ya kifusi cha mchanga hatua kumi kutoka motoni.

"Ya nani hiyo, mzee?" nikauliza.

"Ya wenye mafiga."

"Wako wapi?"

"Umewaona watu wakipita hapa na mizigo?"

"Hapana."

"Basi hujawaona." Akaendelea kupakua. Baadaye, alipokuwa ameshashiba na hasira zimempungua, alinieleza. Wapagazi waligawanyika makundi, na kila kundi lilikula chungu kimoja. Aliyekula chungu hicho alikuwa mtu wao. Akiugua wanambeba, akipotea wanamtafuta. "Ukija hapa na vyungu vinne, kimoja cha wali, kimoja cha mboga, hawakujali, wewe mpita njia tu," alisema. "Ukipika vyote chungu kimoja kwenye mafiga yao, umeingia kundini. Na aliyemo kundini hapunji mwenzake."

Nilicheka kimoyomoyo, nikasema fisi wa hapa wamebahatika. Asubuhi nikaenda kuichukua sahani. Haikuwa pale kifusini. Ilikuwa juu ya figa moja, imefudikizwa, na nilipoigeuza ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa. Nimewahi kuona kazi ya fisi, na fisi hasugui sahani. Nilimtazama Mzee Mihambo, naye alikuwa akipuliza moto kana kwamba hakuna jambo. Kila asubuhi ikawa hivyo. Siku za kwanza niliogopa, nikawa naichukua kwa ncha za vidole. Baada ya wiki tatu nilikuwa nikiichukua huku napiga mluzi, na hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Katika kikosi palikuwa na mshika mnyororo, Masanja, Msukuma wa Bukene, mpole, mrefu, mwenye kicheko cha polepole. Yeye ndiye aliyekuwa akinisaidia kuchanja kuni bila kuombwa. Alikuwa na mke na mtoto mchanga ambaye hajamwona, na kila lori lilipokuja aliuliza barua kabla ya kuuliza maji. Nilimpenda Masanja kama ndugu.

Mzee Mihambo akaanza kukohoa damu, Bwana Mpima akamrudisha mjini kwa lori, hospitalini. Kabla hajapanda alinikabidhi upawa. "Karai nakuachia," alisema. "Usipunguze." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, chumvi haitapungua. Alinitazama kwa lile jicho jekundu, akapanda.

Jioni ile ile nilipika, nikachota sahani ya nane, nikaziangalia soseji mbili zimelala juu ya makaroni, zimekaangika vizuri, mafuta yanachuruzika. Nikajiambia kuwa marehemu hana meno. Nikazila nikiwa nimeipa kambi mgongo, nikaacha makaroni na majani. Naliandika hili waziwazi kwa kuwa nimelificha miaka yote, na nikilifikiria bado uso unaniwaka moto.

Asubuhi sahani ilikuwa juu ya figa, tupu na safi, lakini haikufudikizwa. Ilitazama juu. Jioni ya pili nikala tena zile mbili. Asubuhi sahani haikuwa kwenye figa. Ilikuwa mlangoni pa hema langu, tupu, inatazama juu, kama mtu anayeomba kuongezewa. Ningeelewa kama ningetaka kuelewa. Jioni ya tatu nikala tena. Asubuhi yake sahani ilikuwa ndani ya hema, karibu na kichwa changu. Wenzangu niliolala nao walisema hawakumwona mtu.

Siku hiyo hiyo, mchana, Masanja alivuka korongo kwenda kuchukua bendera ya kigingi cha mwisho. Hakurudi.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, jua la kupasua midomo, na katika pori lile maji yalikuwa ndani ya pipa letu tu. Yeye alikuwa amebeba chupa moja. Tulipiga debe, tukaita, tukawasha moshi. Bwana Mpima alitembea na dira mpaka miwani ikajaa vumbi. Nyayo za Masanja zilifika kwenye bendera, zikazunguka mara moja, zikakoma hapo. Ardhi yenyewe ilikuwa laini, ungeona hata alipopita panzi.

Jioni nikapika, kwa sababu watu lazima wale. Na hapa ndipo penye aibu yangu kubwa. Nilikuwa na hofu juu ya Masanja kweli, machozi yalikuwa karibu, na hata hivyo nilipochota sahani ya nane mkono ulienda wenyewe kwenye zile soseji mbili. Nilikuwa nimeshazimeza ndipo nikajua nimefanya nini.

Siku ya pili tulitafuta tangu alfajiri mpaka jua la alasiri. Bwana Mpima akaketi juu ya boksi, akatoa karatasi, akaanza kuandika barua ya kwenda Bukene. Nilimwona akiandika jina la mke wa Masanja, akasita, akaweka kalamu. Nikaondoka pale. Nikaenda kwenye kamba ya soseji nikahesabu: zilibaki kumi na moja. Jioni nne, mbili mbili, nilikuwa nimekula nane. Na za siku ile mbili. Kumi.

Nilizipika zote. Ile moja iliyobaki niliikata vipande vidogo nikaichanganya ndani ya karai ili watu wapate hata harufu. Kumi nilizipanga juu ya sahani ya ukingo wa buluu, makaroni chini, nikaipeleka kwenye kifusi kwa mikono miwili. Nilisema, "Nisameheni. Mwenzetu arudi."

"Soseji ziko wapi?" Bwana Mpima aliuliza alipopewa chakula chake.

"Zimekwisha, Bwana."

Akaitazama kamba tupu, akanitazama mimi. Asubuhi alikuwa ameiona imejaa. Kisha akala makaroni yake.

Asubuhi sahani ilikuwa juu ya figa, imefudikizwa. Nilikaa chini pale pale. Na jua lilipopanda kiasi, Masanja akatokea kwenye miti, akitembea kwenye mstari wa njia ya zamani, bendera begani, kama mtu anayetoka dukani. "Mwangaluka," akatuamkia. Midomo yake haikuwa imepasuka. Chupa yake ya maji ilikuwa imejaa.

Tulimshika kila mtu upande wake. Bwana Mpima akamkalisha, akamuuliza alikuwa wapi siku mbili.

"Nilipochukua bendera niligeuka, vigingi sikuviona tena," Masanja alisema. "Nikatembea mpaka jua likainama. Nikasikia harufu ya kitunguu saumu, nikajua nimefika kambini. Kumbe ilikuwa kambi ya wengine. Watu wengi, wamekaa chini, mizigo wameiegemeza mitini. Hawakuniuliza jina. Mmoja akaniambia, kaa, mgeni, chungu ni kimoja. Tukala sahani moja, wote wale, tonge kwa tonge, na sahani haikuisha."

"Sahani gani?" Bwana Mpima aliuliza.

Masanja akatazama huku na huku, akaonyesha figa kwa kidole. "Ile pale."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akaendelea kwa sauti yake ile ya polepole. "Jioni ya kwanza yalikuwa makaroni na mboga tu. Wakaniomba radhi. Wakasema, utusamehe, mpishi wetu siku hizi anakula nyama njiani. Kisha wakashauriana kama nibaki nao mpaka wapate haki yao. Mmoja alishaanza kunipimia mzigo kichwani. Mzigo mwepesi, lakini ulinibana shingo. Jana zikaja soseji. Wakazihesabu mbele yangu, moja mpaka kumi. Mkubwa wao akasema, imetosha, mrudisheni."

"Kumi," alisema Bwana Mpima.

"Kumi. Nilikula moja. Ilikuwa na chumvi kidogo zaidi."

Bwana Mpima aliwaambia wengine kwamba jua humfanya mtu aone mengi, na ndivyo alivyoandika kwenye taarifa. Lakini ile barua ya Bukene aliichana vipande vidogo sana, na kabla ya adhuhuri alituamuru tung'oe vigingi vyote vya upande ule tuvipande hatua mia tatu kusini. Sababu aliyoandika ni kwamba udongo haukufaa kwa ujenzi. Nilikuwa nimechimba mashimo ya jiko kwenye udongo ule, na ulikuwa mzuri kabisa.

Masanja alimwona mtoto wake mwezi uliofuata, na aliishi Bukene hadi uzeeni. Tatizo alilopata ni moja tu, shingo, iliyobaki imeinama kidogo mbele mpaka mwisho.

Mzee Mihambo aliporudi nilimweleza yote, sikuficha hata soseji moja. Nilitegemea anipige upawa. Aliuliza jambo moja tu. "Walisema mpishi wao?"

"Walisema mpishi wetu."

"Basi hukuajiriwa na serikali peke yake," alisema, na tangu siku hiyo hakulishika tena karai, alilisimamia tu.

Tulipomaliza kazi, watu wa kijiji kipya walikuwa wakiokota mawe kwa ajili ya misingi ya nyumba. Mzee Mihambo hakutaka mafiga yale yawekwe chini ya ukuta wa mtu. Aliongea nayo kwa Kinyamwezi, mimi nikajisogeza pembeni, kisha tukayapakia kwenye lori. Sote wawili tulihamishiwa kwenye nyumba ya wageni mjini, na mawe tukayaweka nyuma ya jiko, hapo mnapoyaona, hapo mnapowekea ndoo nikiwa sipo. Mzee alipofariki niliendelea. Kila karai moja, upawa mmoja, soseji mbili. Kila asubuhi yake sahani imefudikizwa. Sikuwaambia kwa sababu mngecheka kama nilivyocheka, na kwa sababu ningelazimika kusema nilikula nini.

Siku ya kuwaaga niliiacha sahani kwenye rafu, juu ya sinki. Nilisema kila Alhamisi, siku ya karai moja, mfanye kama nilivyokuwa nikifanya. Mliitika ndiyo, mzee.

Juzi asubuhi nilifungua mlango wangu hapa Kanyenye kwenda kuswali. Sahani ilikuwa kizingitini. Ukingo wa buluu, umebanduka kiasi cha punje ya haragwe. Tupu, safi, inatazama juu. Niliwauliza majirani, hakuna aliyemwona mtu. Jana jioni nilinunua nyama, nikatengeneza soseji mwenyewe kwa mikono hii ya uzee, nikaijaza sahani, nikairudisha kizingitini. Leo asubuhi nimekikuta chakula chote kama nilivyokiweka, hata sisimizi hawakukigusa, nikakimwaga na kuiacha sahani pale pale. Hawataki zangu. Kisha, niliporudi nyumbani kutoka msikitini, sahani ilikuwa ndani, karibu na mto wangu.

Simtaki aliyezila soseji zao anitajie jina lake. Mimi ndiye wa mwisho wa kumsema. Namtaka ahesabu kwa ukweli amekula ngapi, azipike zote leo kwa mkono wake, aziweke juu ya mawe, na aombe radhi kwa maneno yake mwenyewe. Ndoo muziondoe hapo.

Barua hii nawaletea kwa miguu, sahani nimeikumbatia ndani ya koti. Mko watano jikoni. Nikifika nitasimama mlangoni niwaite majina, mmoja mmoja. Naomba wote muitike.